Udi Kabla ya Kahawa

Nimerudi Tanga, huu ni mwezi wa tatu, na bado naamka alfajiri nikisikiliza kama Bibi amekohoa. Bibi niliyemtunza yuko Ibra, Oman, mimi niko Ngamiani, kati yetu kuna bahari nzima, lakini masikio yangu hayajaambiwa kwamba kazi imekwisha. Nakaa kitandani, namsikia jogoo wa jirani, ndipo nakumbuka kuwa sasa mimi ni mstaafu. Neno hilo nilipewa na wasichana wa kundi letu la simu, wale wanaofanya kazi za nyumbani Ibra, Sur na Nizwa. "Dada Mwanaidi, wewe sasa ni mstaafu, tuandikie." Nikawaambia mstaafu ni mwalimu, au karani wa bandari. Wakasema niandike hivyo hivyo.

Basi naandika. Mshahara wangu sitautaja, mtacheka bure. Vyeo pia sina cha kusema, maana jikoni hakuna cheo. Kuna anayeosha sufuria na kuna anayeichafua, nami kwa miaka kumi na saba sikuhama upande. Nitasema nilivyoanza, nilivyokosea na aliyenifundisha. Ninyi mnaokuja siku hizi mna simu, mnaliona jiko la tajiri wenu kabla hamjapanda ndege. Kosa langu lakini mnaweza kulifanya kesho asubuhi, na simu mkononi.

Kwanza mnijue: mimi ni mtu wa hofu. Mlango ukibishwa huwaza msiba. Safari ile hofu yangu ilikuwa na sababu. Ofisi iliyonipeleka ilinieleza kuwa miezi sita ya mwanzo ni ya majaribio. Mwenye nyumba akiniona sifai ananirudisha, wanampelekea mwingine, yaani kama pasi isiyoshika moto inavyorudishwa dukani. Mume wangu alikuwa amefariki. Binti yangu Zubeda nilimwacha kwa mama, kidato cha kwanza. Kipande chetu cha minazi tulikuwa tumeshakiuza ili niondoke. Nikirudishwa, minazi hakuna na shule hakuna. Kwa hiyo sanduku langu sikulifungua lote. Nilitoa nguo tatu, nyingine zikabaki zimekunjwa humo humo, zipu nusu wazi, ili nikiambiwa ondoka nisihangaike.

Siku ya kwanza alinipokea uwanja wa ndege Maskati Baba Salim, mwenye nyumba, mtu mpole asiyesema sana. Njiani, tulipopita Fanja, alinionyesha kwa kidole mtaa wa kale ulio juu ya kilima, akaeleza jambo kwa Kiarabu. Mimi nikaitikia "naam". Alipozungumzia joto nikaitikia "naam". Nadhani aliuliza kama nina njaa, nikaitikia "naam" na hatukusimama, kwa hiyo labda hakuuliza hivyo. Saa mbili nzima nilikuwa najiuliza nitaishije miaka miwili ya mkataba kwa neno moja.

Tukafika Ibra. Mlango ukafunguliwa, na ndani, juu ya zulia, ameketi bibi kizee mweupe wa nywele, miguu ameinyoosha. Akanitazama akasema, "Karibu mwanangu. Umechoka eh? Njoo nishike mkono nikutizame."

Nikasema, "Shikamoo Bibi."

"Marahaba."

Nikalia pale pale, viatu bado miguuni. Huyo ndiye Bibi Rahma, mama yake Baba Salim, ambaye yeye alikulia kwenye Kiarabu. Alizaliwa Unguja mjini, akaondoka akiwa mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni, na Kiswahili chake kilibaki pale alipokiacha. Gari aliliita motokaa. Alisema "miye" na "sikiza" na "ntakwambia", na nilipozungumza Kiswahili changu cha shule alinitazama kwa huruma. Mke wa Baba Salim, Mama Thuraya, alikuwa mwalimu wa skuli. Yeye alizaliwa huko huko Oman kwa wazee waliotoka Unguja, na Kiswahili alikiokota barazani. "Mwanaidi, leta ile kitu, weka hapa, yalla." Binti yao Asila alikuwa amemaliza chuo Nizwa, anaelewa kila kitu na kujibu kwa Kiarabu.

Lugha ndiyo iliyonipumbaza. Ningekuta watu ambao hatuelewani kabisa, ningekuwa macho, ningeuliza hata namna ya kushika kijiko. Lakini nilisikia shikamoo na marahaba, nikaona wali wa nazi na sambusa mezani, nikajiambia nimefika Unguja yenye milima. Watu wanaosema maneno yako si lazima wawe na maana zako, na hili hakuna ofisi inayokwambia.

Wiki ya kwanza Bibi alinichukua soko la Jumatano. Ninyi wa Ibra mnalijua: wauzaji wanawake, wanunuzi wanawake, wanaume wakae mbali. Nilishika kikapu kwa mkono mmoja na kiwiko cha Bibi kwa mwingine. Nikaona nazi. Nazi kavu, ndogo, imekunja uso. Nikauliza bei, nikaigeuza kichwani kuwa shilingi, nikaona kwa pesa hiyo Ngamiani ningeondoka na nazi sita na mtu wa kunibebea. Fungu la mchicha lilinitisha zaidi, maana mchicha kwetu unaota nyuma ya choo. Petroli huko ilikuwa bei ya maji, na mchicha bei ambayo kwetu ni ya petroli. Nikasimama, kikapu kitupu, jasho linanitoka.

"Wageuza," Bibi akasema.

"Nageuza nini Bibi?"

"Pesa. Nakuona midomo yaenda. Sikiza, ukigeuza kila kitu kwa bei ya kwenu, hutakula. Miye nilipokuja nilikuwa nikitaka kununua samaki, nauliza, Darajani huyu ningempata kwa kiasi gani? Miaka miwili nageuza. Nikakonda hata mume wangu akanipeleka kwa daktari."

Nilimsikia, lakini sikuacha. Tofaa moja nililopewa na Mama Thuraya nilikaa nalo siku tatu, maana nililigeuza likawa daftari nne za Zubeda, na mtu hawezi kula daftari. Ushauri wangu kwenu ni kwamba mwezi wa tatu mwache kugeuza. Mimi nilichelewa sana, nikala matofaa mengi yaliyonyauka.

Pale pale sokoni Bibi alinifundisha pia kwamba bei haiulizwi kwanza. Unauliza hali ya mwenye bidhaa, unauliza habari, anasema hakuna habari, unauliza tena kana kwamba hukusikia, unauliza watoto, unauliza mvua. Kisha unaugusa mtumba wa nguo bila kuutazama. Sisi Tanga tunaanza kwa kulalamika na kumalizia kwa salamu. Huko ukilalamika mwanzo, bei inakaa pale pale na mama anageuka upande.

Halafu kahawa. Hapa vijana nawaomba msikilize, maana kazi ya nyumba ya Ibra nusu yake ni kahawa. Dele, lile birika la kahawa, unalishika mkono wa kushoto, vikombe mkono wa kulia. Unamimina kidogo, robo ya kikombe au zaidi kidogo. Mgeni akimaliza unammiminia tena, tena, mpaka akitikise kikombe kwa mkono, hapo ametosheka. Mara yangu ya kwanza nilimjazia jirani mpaka pomoni. Kwetu kikombe nusu ni uchoyo wa wazi. Yule mama akakitazama kikombe, akanitazama mimi, akanywa upesi, akaaga. Bibi akaniita. "Ukimjazia mtu kikombe, umemwambia anywe amalize ende zake. Kidogo kidogo, mwanangu. Kidogo maana yake kaa." Nilishukuru nikajiona nimehitimu. Kumbe nilikuwa nimefaulu somo la kwanza tu, na la pili hakuna aliyekumbuka kunifundisha, kwa sababu kwao halikuwa somo. Hata mtoto wa miaka mitano analijua.

Wiki ya nne walikuja wageni kutoka Sur. Wanawake watano, mama wa kijana mmoja aliyesoma na Asila, shangazi zake na dada zake. Walikuja kumwona Asila rasmi, wazungumze, ili wanaume nao baadaye walete posa. Nyumba nzima ilikuwa imeshikwa na homa. Mama Thuraya alibadilisha mito ya majilisi, sebule ya wageni, mara mbili. Asila hakula tangu jana yake. Alimpenda yule kijana, hilo hata mimi niliyefika juzi nililiona. Mwenye uso wa kununa alikuwa Bibi peke yake. Alikuwa ameshasema mbele ya wote kwamba Sur ni mbali, kwamba akiozwa huko yeye atamwona lini. Mama Thuraya hakupenda kauli hiyo, na siku mbili walikuwa wakisemeshana kwa kupimiana.

Wageni wakaingia baada ya alasiri. Nikapeleka matunda, nikapeleka halua na tende. Mama Thuraya akainuka kwenda juu kumleta Asila, na akipita akaniambia, "Mwanaidi, angalia wageni." Bibi alikuwa kwenye kona yake, ameegemea mto, macho amefumba. Nikarudi jikoni kuchukua dele la kahawa, na pale nikaona makaa. Mama alikuwa ameyawasha mwenyewe kwenye jiko, yameiva, yameanza kuvaa majivu. Pembeni kuna chetezo, na kijisanduku cha udi kiko wazi.

Nikawaza, maskini Mama kwa wasiwasi wake amesahau. Makaa yanakwisha na wageni wametoka Sur, safari ndefu, hawajafukizwa. Kwetu mgeni wa heshima, na hasa watu wa harusi, unawapokea kwa harufu nzuri, wajue wamefika mahali penye furaha. Nikatia makaa kwenye chetezo, nikaweka vipande viwili vizuri vya udi, nikaliacha dele pale mezani, nikaingia majilisi nikitabasamu kwa meno yote.

Nilianza na mama wa kijana. Aliutazama moshi kidogo. Akamtazama Bibi, ambaye macho yake yalikuwa yamefumba vile vile. Kisha akainua ncha ya mtandio wake akajifukiza kwa adabu, akanipisha kwa shangazi. Wote watano walijifukiza, kimya. Wa mwisho alipomaliza, wakasimama. Mama wa kijana akasema maneno ya kushukuru, ya kumwombea heri mwenye nyumba, wakavaa viatu, wakatoka. Nami niliwasindikiza hadi mlangoni na chetezo mkononi, nikiona ajabu kwamba watu wa Sur hawakai.

Nilipogeuka, Mama Thuraya alikuwa ameshuka ngazi na Asila, Asila kavaa nguo ya kijani, amepakwa wanja.

"Wageni wapi?" Mama akauliza.

"Wameondoka, Mama."

"Kuondoka wapi? Nani kutoa udi?"

Kabla sijafungua mdomo, Bibi akasema kutoka kwenye kona, macho sasa yamefumbuka kabisa, "Miye. Miye ndo nilomwambia autoe."

Mama Thuraya alimtazama Bibi, muda mrefu. Akasema neno moja la Kiarabu ambalo sikulijua na sijapenda kulijua. Asila akapanda ngazi. Mimi nikabaki na chetezo.

Mnajua nilidhani ugomvi ni wa nini? Bei. Bibi alikuwa ameniambia udi ule unauzwa kwa tola, kipimo cha wauza dhahabu, na kipande kidogo kama ukucha kinazidi kilo ya nyama. Nikajiambia nimechoma vipande viwili kwa watu watano, Mama amekasirika kwa hasara, na Bibi kwa wema wake amenikingia. Usiku huo nilihesabu udi, nikaugeuza kuwa shilingi, nikahesabu tena. Hivyo ndivyo hofu inavyomfanya mtu mjinga. Nilikuwa nimevunja posa ya mtu na ninalilia bei ya kuni.

Siku mbili nyumba ilikaa bila sauti. Mama Thuraya na Bibi hawakusemezana. Chakula cha Asila kilirudi jikoni kama kilivyopanda. Siku ya tatu nilikuwa naanika nguo darini, na upande wa pili wa ukuta alikuwa Mwanasiti, mwanamke wa Kwale aliyekuwa akifanya kazi kwa jirani, mwaka wake wa tano. Nikamweleza habari ya udi wa bei.

Akaacha kukamua shuka. "Huo udi uliutoa kabla ya kahawa ama baada?"

"Kabla. Kahawa ilikuwa bado jikoni."

"Wee Mwanaidi." Akashika kiuno. "Huku udi ndiyo kwaheri. Udi ukishapita, hakuna kukaa, mgeni anainuka. Bosi wangu akichoka na watu ananipigia jicho tu, mimi naenda kuwasha makaa. Wewe umewafukuza wakwe kabla hawajamwona bibi harusi."

Nguo iliniponyoka. Nakumbuka ilikuwa kanzu ya Baba Salim na nililazimika kuifua upya. Nilikuwa nimeshika kamba ya nguo kwa mikono miwili, na nilichokiona mbele yangu ni lile sanduku langu lenye zipu nusu wazi.

Nilimfuata Bibi chumbani kwake. Nikapiga magoti nikamwambia nimejua, kwamba Mama Thuraya anaamini ni yeye aliyewafukuza wale watu kwa sababu hakuitaka Sur, kwamba nitasema kweli.

"Hutasema," Bibi akasema. "Keti. Wewe una miezi mingapi hapa?"

"Mmoja, Bibi."

"Mmoja. Thuraya si mbaya, lakini ana hasira, na leo hasira zake zataka mtu. Akijua ni weye, kesho uko kwenye ndege. Miye mtu mzima. Hakuna pa kunirejesha." Akavuta mtandio. "Nilishatolewa mahali mara moja, mwanangu. Naijua ladha yake. Wache nikae na hii, hainiui."

"Na Asila?"

Alichukua tasbihi yake akaanza kuihesabu, nami nikatoka.

Nawaambia kweli, nilinyamaza siku tano. Sitaki mnione shujaa. Kila asubuhi nilijiambia leo nitasema, na kila asubuhi nilimwona Zubeda na sare yake, nikapiga deki badala yake. Nilisugua nyumba ile mpaka vigae vikalalamika. Nilikuwa nikimpelekea Asila chai, ananiambia ahsante kwa sauti ndogo, nami nashuka ngazi. Kutoka Sur hakukuja simu. Kwa nini ije? Walikwisha kuambiwa nendeni. Bibi naye alikula peke yake chumbani, na siku ya tano alipoomba chumvi, Mama Thuraya alinituma mimi niipeleke, wakati alikuwa ameketi hatua tatu kutoka mlango wa Bibi. Kuona kikongwe yule anapelekewa chumvi na mtumishi, kwa kosa la mtumishi huyo huyo, kulinishinda.

Nilikuwa napiga pasi. Mama Thuraya akaingia kutafuta mtandio. Nikaizima pasi, hilo nililikumbuka, nikasema polepole ili Kiswahili changu kimfikie.

"Mama, Bibi hakuniambia nitoe udi."

Akageuka.

"Bibi alikuwa amelala. Ni mimi. Kwetu udi ni karibu. Sikujua kwamba huku ni kwaheri."

Aliketi juu ya kapu la nguo, mwalimu mzima na heshima zake. "Bibi kulala?"

"Amelala kabisa."

"Kwa nini yeye kusema yeye?"

"Aliogopa utanirudisha."

"Na wewe huogopi?"

"Naogopa, Mama. Sanduku langu mpaka leo sijalifungua lote."

Aliinuka akatoka bila mtandio. Mimi nikaenda chumbani kwangu, nikazikunja zile nguo tatu nikazirudisha sandukuni, nikakaa kitandani kusubiri. Nilimsikia akiingia kwa Bibi. Sauti zikaja kupitia ukutani, Kiarabu na Kiswahili vimechanganyika, na kwa muda mrefu sikuweza kujua kama wanagombana au wanalia. Baadaye nikamsikia kwenye simu, na neno Sur nikalisikia mara tatu.

Wale wanawake walirudi wiki iliyofuata. Mimi nilijificha jikoni, lakini Mama akaniita. Nikasimama mlangoni nikitazama zulia. Mama wa kijana akasema jambo, wenzake wakafunika midomo.

Mama Thuraya akanitafsiria. "Anauliza, leo udi iko wapi?"

"Umefungiwa kabatini, Mama. Ufunguo unao wewe."

Walicheka mpaka Bibi akapaliwa na tende. Ilikuwa kweli, na ufunguo ule sikukabidhiwa mpaka mwaka ukapita. Asila akaolewa msimu wa baridi uliofuata. Bibi aliilalamikia barabara ya Sur kwenda na kurudi, kisha akawa ndiye wa kwanza kupanda motokaa kila walipokwenda kumtembelea.

Hakuna aliyeniambia kwamba nimesamehewa, wala kwamba nitabaki. Hii ndiyo tabu ya nyumba za watu wenye adabu, mtu anasubiri hukumu haiji. Nilihesabu miezi mpaka wa sita, kila siku nikitazama uso wa Mama kama mkulima anavyotazama wingu. Mwezi wa sita ukapita, siku moja, siku ya pili. Siku ya tatu Mama Thuraya akaja chumbani kwangu na hanga kumi za nguo, za mbao, akazitupa kitandani. "Hii kwa sanduku yako," akasema, akaenda zake skuli. Nikazitundika nguo zangu zote hadi za Idi. Hanga mbili zilibaki tupu na nilizitazama kwa furaha.

Miaka iliyobaki ni kazi, na kazi haisimuliki sana. Niliwalea watoto watatu wa Asila kila walipokuja likizo. Niliwahi kupelekwa nao Ras al Jinz, nikaona watu wamelipa, kwa hiari yao, kumtazama kasa akitaga mayai, na nilijikaza nisigeuze. Nilijifunza kupiga pasi kanzu ikasimama yenyewe. Miguu ya Bibi ilipokufa, nilijifunza kumwinua mtu: usivute mikono, piga magoti, mkumbatie kiunoni, mwambie unachofanya kabla hujakifanya. Kila mara mtu alikuwa akiniambia, "Mwanaidi, wewe mtu wa nyumbani." Niligundua kauli hiyo hutoka zaidi siku yenye sufuria nyingi. Sikuidharau, lakini sikuijengea nyumba. Jambo moja tu nililishika kwa miaka yote: kuuliza. Kuuliza si ujinga, na niliuliza mpaka wakanichoka, hii ni kwa wageni au kwa nyumba, hii ni mwanzo au mwisho.

Mwaka jana magoti yangu nayo yakagoma. Zubeda, ambaye sasa ni mwalimu Muheza, akasema mama rudi. Aliyenipokea kazi ni mama mtu mzima wa Kilifi, mkono wake mwepesi, Bibi alimkubali kwa sharti kwamba asiimbe.

Siku ya kuondoka sikulala wala sikula. Bibi kwa mwaka mzima alikuwa akipotea na kurudi. Siku nyingine aliniita kwa jina la dada yake aliyebaki Unguja. Nilihofu nitamuaga asijue naondoka. Nilihofu zaidi kwamba atajua. Asubuhi nilimuogesha, nikamchana, nikamweka kwenye kona yake ya majilisi, na hakusema neno hadi adhuhuri. Asila alikuwa amekuja kutoka Sur. Baba Salim, naye sasa mzee wa miwani, alikuwa nje kwenye gari na sanduku langu. Nikavaa viatu mlangoni.

Mama Thuraya akatoka jikoni na chetezo. Udi mzuri, ule wa kabati. Miaka kumi na saba nilikipitisha chetezo kile kwa watu, na siku hiyo kilikuja kwangu. Moshi ukapanda. Nilishika ncha ya mtandio wangu, nikajua kwamba nikishajifukiza basi, imekwisha.

"Nani kasema udi utoke?"

Ilikuwa sauti ya Bibi. Sote tukageuka.

"Bibi, Mwanaidi kusafiri leo," Mama akasema. "Gari iko nje."

"Safari hii si miye," Bibi akasema, na macho yake yalikuwa kwangu, hayajapotea popote. "Miye sikumwambia mtu atoe udi."

Asila akageukia ukutani. Mama Thuraya alisimama na kile chetezo, moshi unampanda usoni, kisha akarudi nacho jikoni, na nikasikia maji yakimwagwa juu ya makaa. Nje Baba Salim akapiga honi mara moja. Nikavua viatu. Nikalichukua dele kwa mkono wa kushoto na vikombe kwa mkono wa kulia, nikammiminia Bibi kidogo, nikajimiminia na mimi kidogo, nikakaa.